Jini wa Chumba cha Chini

Mwanangu Raya,

Salamu ndefu sina, maana asubuhi tumeonana na umeniwekea chai bila ya kunitazama. Nimekaa chumba cha chini, kwenye kile kiti chekundu cha plastiki cha Nunu, magoti yamenifika masikioni, karatasi nimeiweka juu ya meza anayolishia madoli yake. Nikishindwa kunyanyuka mtanikuta hapa hapa mkirudi, na kesho itabidi mnisafirishe pamoja na kiti.

Nyumba imenyamaza. Umempeleka Nunu, binti yako, Hounslow kumuaga shangazi yako, na mimi nikasema siji, goti linauma. Goti haliumi. Nimebaki kwa sababu umeniuliza mambo mawili, yote mawili nimekujibu kwa kichekesho, na kesho saa mbili asubuhi teksi itakuwa mlangoni kukupelekeni uwanja wa ndege. Toronto si Croydon kwamba nitapanda basi Jumapili nije nikujibu.

Jambo la kwanza uliniuliza mwezi uliopita, uliponionyesha kwenye simu picha za nyumba mliyoipata huko. Ulisema, "Baba, hiki chumba chako. Kiko chini, lakini kimeshamalizwa, kina zulia, kina choo chake, hutakuwa unapanda ngazi. Utakuja?" Nami nikakwambia, "Chini nitakwenda siku yangu ikifika, mbona mna haraka ya kunishusha?" Nikacheka peke yangu. Wewe ukaizima simu, ukasema, "Basi kitakungoja. Simweki mtu humo, wala sikigusi."

La pili ni juzi, tulipokuwa tunafungasha vitu vya Nunu. Ulivuka kizingiti cha chumba hiki, ukasimama katikati na yule tembo wa kitambaa mkononi, ukaniuliza, "Baba, kwa nini hukutufungulia sisi? Mimi na Nassor tumekulia ngazini." Nikasema, "Nyinyi mlikuwa watundu, mngemkimbiza jini wa watu." Hukucheka. Ulisema kwa sauti ndogo, "Maisha yangu yote nakuuliza kitu, unanipa kichekesho." Ukapanda juu. Tembo ukamwacha sakafuni.

Basi leo nakujibu kwa wino, kwa sababu kalamu hainipi nafasi ya kukuangalia usoni nikaanza upuuzi. Mambo ya kumvisha mtoto makoti mawili, kufunga milango, kutomfungulia mtu usiyemjua, hayo siandiki. Wewe ni nesi, unayajua kuliko mimi, na hata ungekuwa huyajui usingenisikiliza. Na mwandiko wangu univumilie. Shule sikuimaliza. Mwalimu alinitoa nje kwa kumwigiza anavyopiga chafya, na kabla hajanisamehe yakaja mapinduzi, na yeye mwenyewe sikumwona tena.

Chumba hiki sikuwajengea wageni, kama mlivyoambiwa. Nilimjengea bibi yako.

Mama yangu, Bi Rukia, hukumjua. Alikuwa mwembamba, mkali, ana ulimi ambao ndio huu huu ninao mimi, ila yeye aliutumia kwa akili. Alikaa Malindi, Unguja, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani, na dirisha lake lilitazama njia. Baba yangu alitoka wiki zile za mapinduzi, akasema anakwenda kutazama duka, hakurudi. Hilo silitii humu, karatasi haitoshi. Tangu siku hiyo mama alihamia dirishani. Alipikia karibu na dirisha, akashonea kofia hapo hapo. Alimjua kila mtu wa mtaa kwa utosi wake. "Huyo Hamadi, nywele zimeanza kumkimbia." "Huyo mke wa fulani, leo kajitanda kanga ya mwenziwe." Yule aliyekuwa anamngoja hakupita, lakini wengine wote aliwaona.

Miaka minne baadaye nikaondoka mimi, kuja huku London. Alishuka ngazi mpaka mlango wa chini na hapo hapo akasimama, hakutoka nje, watu wasije wakamwona analia. Akanishika sikio, kama nilivyokuwa mdogo. "Ukipata pa kulala," akasema, "niite."

Nikamwambia, "Nitakuita, ila uje na kisu chako cha kukatia ndizi, huko hakuna." Ushaona? Hata hapo.

Pa kulala palichelewa. Nimelala chumba kimoja na wanaume watatu, tukipokezana kitanda kwa zamu za kazi, shuka haijapoa mwingine anaingia. Nimefua mashuka ya hospitali miaka mingi mpaka vidole vikasahau alama zake. Nikamuoa mama yako, ukazaliwa wewe, akazaliwa Nassor, tukapata nyumba hii ya Tooting kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Vyumba viwili vya kulala juu, kimoja chetu, kimoja chenu. Na chini, stoo ya makaa. Giza, unyevu, na panya ambao paka wa jirani aliwaamkia shikamoo.

Mama alikuwa ameshaanza kuhangaikia pasipoti. Nikasema stoo hii nitaigeuza chumba.

Marehemu mama yako aliniambia siku ile ile, amesimama hapo mlangoni na wewe umemng'ang'ania gauni. "Mume wangu, mama yako mpe chumba chetu juu. Sisi tutalala chini."

"Mimi bwana wa nyumba nilale stoo ya makaa?"

"Mama yako je?"

"Mama yangu atalala chumba, si stoo. Utakiona."

Haya ndiyo maneno, Raya. Ungeweza kuikunja barua hapa, mengine yote yametokana na hayo.

Nilifanya kazi baridi mbili nzima. Dari ilikuwa chini mno, mtu haingii ila kwa kuinama, kwa hiyo nikachimba sakafu. Nimetoa udongo ndoo kwa ndoo, nikaubeba ngazini, nikaumwaga nyuma ya nyumba mpaka bustani ikawa kilima. Nikapaka kuta lami kuzuia maji, nikatia plasta, nikalaza mbao, nikatandika zulia jekundu, nikabandika karatasi za maua ukutani. Fundi Kanti alikuja Jumapili zote. Wewe Kanti unamjua kama mzee wa mtaa wa pili anayekupa chevda ya kutafuna, lakini ujue alizaliwa Unguja kama mimi, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, hasa kwenye matusi. Yeye ndiye aliyeunda kitanda. Kitanda cha samadari, kirefu, chenye nguzo nne na kigoda cha kupandia, kama kile mama alichouza tulipokuwa hatuna kitu. Alikiunda humu humu ndani, kipande kwa kipande, maana ngazini kisingepita. Alipomaliza akakipiga kofi, akasema, "Hiki kimezaliwa humu, na kitafia humu."

Dirisha lilikuwa moja, ukubwa wa sinia, juu kabisa karibu na dari, linatokea usawa wa njia. Ukitazama unaona viatu vya wapita njia, si zaidi.

Siku zile tulikuwa tunapelekeana kanda. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilizungumza kwenye kaseti, nikampa anayekwenda, naye akazungumza ya kwake, akampa anayekuja. Nikamtilia chumba chote kwenye kaseti. Zulia, maua, samadari. "Na dirisha," nikamwambia, "dirisha la kuonea watu wanaopita." Sikusema uwongo. Sikusema tu kwamba utawaona kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini.

Basi akaja bwana mmoja wa kwetu kutibiwa jicho, tukamlaza humu siku mbili. Akala, akashukuru, akarudi Unguja, na kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwa mama yangu kupeleka habari. Sijui alikusudia mzaha au ndivyo alivyoona kwa jicho lile moja. Alimwambia, "Bi Rukia, mwanao ameshakuchimbia."

Kaseti iliyokuja baadaye ninayo mpaka leo, na sina haja ya kuitia kwenye mashine, naijua. Anaanza na salamu, anawataja nyote kwa majina, wewe amekuita Raya wa dirishani, mwenziwe wa kukaa naye dirishani, ingawa hajakuona. Kisha anakohoa. Kisha anasema, "Mwanangu, nimesikia hicho chumba unakishukia kwa ngazi. Nimesikia umekichimba kwa mikono yako, na watu wa nyumbani wanatembea juu yake. Mimi chini nitakwenda siku yangu ikifika. Mbona una haraka ya kunishusha?"

Ndiyo. Maneno niliyokwambia wewe mwezi uliopita ni yake. Yalinitoka mdomoni kabla sijajua ni ya nani, na nilipocheka nilikuwa najaribu kuyafunika.

Mtu mwingine angeelewa. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini dirishani ghorofa ya pili, unamwambia aje alale mahali ambapo kwetu hawalazwi ila maiti, na atazame viatu vya watu. Ilikuwa neno moja tu: "Njoo, Mama, ulale juu, sisi tutashuka." Mama yako alinisihi nimwambie. Mimi nikaona nimetukanwa. Baridi mbili! Mgongo huu! Zulia lile! Nikasema, basi, kama chumba changu ni kaburi, abaki na dirisha lake. Sikumjibu.

Ikapita miezi. Halafu ikaja kaseti nyingine, fupi, upande mmoja tu. Amerekodi kabla ya Ramadhani. Sauti imeshuka. Anasema pasipoti imetoka, ameitia chini ya mto. Anasema, "Sikukusudia kukuudhi. Chumba chako ni kizuri, nimeambiwa. Lakini mimi hata ukumbini nitalala, mwanangu, hata jikoni, ilimradi nione watu wakipita."

Hata ukumbini.

Niliisikiliza siku ile ile ilipofika. Nataka ulijue hilo, usije ukanitafutia udhuru kwamba ilichelewa au ilipotea. Niliisikiliza mara mbili, nikafurahi, na furaha yenyewe ilikuwa mbaya: nikasema, ehee, ameshalainika. Na yeye angoje kidogo, aonje. Nitamjibu baada ya Idi. Nilikuwa na kaseti tupu kabatini, Raya. Nilikuwa na mtu wa Edgware Road anayesafiri wiki ile ile kwenda Unguja, alinipigia simu kuniuliza kama nina mzigo. Nikamwambia sina.

Siku nne kabla ya Idi wakanipigia simu mchana, niko kazini. Kifua kimemchukua. Alikuwa amekaa pale pale dirishani.

Sikwenda. Wengine waliokwenda Unguja wakati ule walirudi salama, lakini mimi niliogopa, na nikauita woga wangu busara. Khitma tukaisomea hapa London, na nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo tukaisomea humu chini. Walikuja wanaume kumi na saba. Waliinama mlangoni, wakakaa juu ya zulia jekundu, wakasoma, wakafuturu, na walipomaliza wakaanza kuangalia kuta. "Mashallah, chumba kizuri." "Umekifanya mwenyewe?" "Na kitanda hiki! Cha nani?"

Nilikuwa nataka kujibu, na hapo ndipo ulipoingia wewe. Ulikuwa na miaka minne. Umevaa viatu vyako vya Idi, vyekundu, ambavyo uliambiwa usivae mpaka siku yenyewe. Ukapita katikati ya wazee, ukapanda kigoda, ukapanda kitanda cha bibi yako, ukaanza kuruka. Unaruka na unacheka. Uchagani kulikuwa na sauti, mbao zinalia, na wewe unacheka. Wazee wawili watatu wakaanza kutabasamu.

Nikakushusha kwa kofi.

Sikuwahi kukupiga kabla yake wala baada yake, na sijui kama unakumbuka. Nimekutazama miaka thelathini na kitu nikijaribu kuona kama unakumbuka. Hukulia papo hapo. Uliniangalia kwanza, kama mtu anayesoma saa. Kisha mama yako akakuchukua.

Watu walipoondoka nikafunga mlango, nikatia kufuli, na ulipoulizia kile kitanda cha kurukia nikakwambia chumbani mna jini. Nikakupa na sura yake: mrefu, macho ya paka, hapendi watoto wanaocheka. Hilo la kucheka nililitunga hapo hapo, na nilijisifu kwamba limefaa, maana hukuuliza tena. Mama yako hakujisifu. Alikuwa anafua mashuka yako kila asubuhi mpaka ukafika miaka tisa, na hakuniambia neno, alikuwa anayaanika mahali ambapo lazima niyaone.

Mara moja tu alisema. Wewe na Nassor mlikuwa mmepanga madoli ngazini, kila moja na ngazi yake, na mimi nikapita nikakanyaga moja. Akasema, "Kuna chumba kizima chini, watoto wanacheza njiani mwa miguu ya watu. Unamwekea nani?"

"Wageni."

"Mgeni gani? Aliyekufa?"

Nikafanya kiini macho cha kutoa sarafu ya peni nyuma ya sikio lako, mkacheka, nikapita. Huko ndiko nilikokuwa nakimbilia siku zote. Watu wakinicheka, hawaniulizi. Nimekwenda hivyo mpaka mama yako naye akatutoka, na hata kitandani pake hospitali alinishika mkono akasema, "Kile chumba," na mimi nikasema, "Kimekwishapata wapangaji, panya sita, wanalipa vizuri." Akafumba macho. Sijui alitaka kusema nini kuhusu kile chumba. Nadhani najua.

Kisha ukarudi wewe, na masanduku mawili na mtoto wa miaka mitatu, ndoa imekushinda, hutaki kuulizwa. Sikukuuliza. Nilifikiri ni ustaarabu. Labda ulitaka kuulizwa.

Asubuhi moja umekwenda zamu, nimeachiwa Nunu. Nikamkuta ngazini, ngazi ya nne, pale pale pako, amepanga bata wake wa plastiki. Akanyoosha kidole kwenye mlango wa chini. Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, kana kwamba nimempigia simu kutoka nchi nyingine. Akataka kujua mna nini humo.

Mdomo huu, bila ya kuomba ruhusa, ukasema, "Mna jini."

Wewe ulikimbia. Yeye akafikiri kidogo, akaniuliza, "Yuko peke yake?"

Nikamwambia ndiyo.

"Muda mrefu?"

Nikakaa ngazini. Nilikaa mpaka akaniletea bata mmoja nimshike. Kisha nikaenda kutafuta ufunguo, na ufunguo ulikuwa umeshika kutu, kufuli haikukubali, nikampigia Kanti. Akaja na msumeno wa chuma na mkongojo wake. Alipoifungua akatazama ndani: karatasi za maua zimebambuka, plastiki iko juu ya godoro kama nilivyoiacha, vumbi. Akanitukana kwa Kiswahili safi dakika nzima. "Kitanda changu! Kazi ya Jumapili zote zile, umekifungia kama mwizi!" Nikamwambia ang'oe na mlango. Tukaung'oa mzima mzima na bawaba zake, ndio ule uliolala nyuma juu ya mapipa ya taka.

Wazee wawili, mmoja ana goti, mwingine ana nyonga, tulikigeuza chumba hiki kwa wiki tano. Tulibandua maua, tukapaka rangi ya manjano, na Kanti alipaka na ndevu zake. Zulia tukalitoa, tukatandika mikeka na yale magodoro membamba ya kukunja. Nikakata rafu usawa wa mkono wa mtoto. Nikatafuta vijiwe laini vya kuchezea mdako, Nunu sasa ananishinda. Kitanda tukakitia pazia, kikawa duka, kikawa hospitali, kikawa nyumba, kila siku na jina lake. Na dirisha lile nililolionea aibu, yeye ndilo alilolipenda kuliko vyote. Tunakaa chini tunawajua watu kwa viatu. "Huyo Babu Kanti." "Huyo posta." "Huyo Mama, amechoka."

Huyo Mama amechoka. Ulikuwa unarudi zamu, na alikujua kwa unavyoburura kisigino.

Wewe, mpaka juzi, hukuingia. Niliona. Siku ya kwanza nilipokuonyesha ulisimama mlangoni, mlango wenyewe haupo, ukasema, "Kizuri, Baba," kama wale wazee wa khitma. Ukakaa ngazini, ngazi ya nne. Miaka minne umekaa hapo, na kikombe chako, unamtazama mwanao akicheza, na mimi naimba na kufanya vituko humu ndani mbele yako, mtu mzima najitia kilemba cha taulo, na sikuwahi kukwambia, "Njoo." Nilijua nani amekuzuia. Nilimweka mimi.

Basi hilo ndilo jibu la juzi. Sikukufungulieni kwa sababu mlikuwa mnacheka, na mimi nilikuwa nimemnyima mama yangu jibu la neno moja, nikaona mtu yeyote asicheke humu. Jini ni mimi. Mrefu sikuwa, lakini mengine yote nilijichora mwenyewe.

Sikuombi unisamehe leo, una mizigo mingi ya kufunga. Nataka tu uondoke na kweli badala ya peni nyuma ya sikio.

Na jibu la kwanza, la chumba cha Toronto. Nimelikalia mwezi mzima, na nikajiona nafanya lile lile: ngoja kwanza aondoke, aonje, nitamwambia baada ya sikukuu. Nitakuja, Raya. Kifua changu unakijua, na viza sijui watasemaje kwa mzee aliyeandika kazi yake ni kustaafu na kusumbua. Huenda nikachelewa. Huenda nisifike, tusidanganyane, wewe unasoma vipimo vyangu kuliko mimi. Lakini neno lenyewe nimelitoa: nitakuja, na chini nitalala. Bibi yako aliogopa watu wasije wakatembea juu yake. Mimi leo nimekaa hapa tangu mchana, natega sikio nimsikie Nunu akikimbia kutoka jikoni mpaka ukumbini na visigino vyake kama punda wa mkokoteni, na juu ya kichwa changu hakuna kitu, boila ya maji ya moto tu inanguruma. Kuanzia kesho itakuwa hivyo. Nilaze chini ya miguu hiyo, nitashukuru.

Ila chumba usinifungie. Umesema kitaningoja, humweki mtu wala hukigusi. Hayo nimeyafanya mimi, nayajua yanakokwenda. Siku ya kwanza tu mkifika, kabla hujafungua sanduku la vyombo, mwaga vitu vya Nunu humo. Kama mna kitanda, mwache aruke na viatu. Na wewe ingia ndani, usikae ngazini. Nikija nitajitafutia nafasi kati ya madoli, kukaa kwenye kiti kidogo nimeshajizoeza.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mfuko wa koti lako, uisome angani, mahali ambapo huwezi kunijibu. Huo nao ni ujanja wangu ule ule. Nitakupa mkononi. Uniseme leo, uniseme sana, tuna jioni nzima.

Naona viatu dirishani. Vya Nunu, vile vinavyowaka taa. Na vyako, kisigino kimoja unakiburura. Mmesimama. Nadhani amekwambia uiname utazame kama babu yumo, na wewe hujaamua.

Inama, mwanangu. Nimo. Halafu ushuke unitoe kwenye kiti hiki, maana nimejaribu mara mbili na hakiniachii.

Baba yako